Nikae Wapi na Mtoto? Historia ya Basi Letu, Kutoka kwa Seremala Hadi Stendi ya Same

SEHEMU YA 1: Swali la kliniki

Wiki iliyopita sikuandika, nilikuwa zamu za usiku mfululizo. Leo nalipa deni, ila si la chanjo wala la uji wa lishe. Ni deni la basi.

Siku ya kliniki hapa Ngujini alikuja mama na mtoto wa miezi mitano. Tukapima uzito, nikajaza kadi, nikajua tumemalizana. Akawa bado amekaa. Akaniuliza, "Nesi, Ijumaa nashuka, naenda Dar kwa baba yake. Nikae siti gani na huyu mtoto?"

Jamani, nilikosa jibu. Ungeniuliza dozi ya dawa ya homa ningekujibu huku naandika. Siti ya basi? Nikamwambia, "Kaa popote mama, Mungu atawalinda." Akatabasamu, lakini nilijua kabisa sijamjibu.

Na swali lake halikutoka hewani. Sisi wa Upare hatuwezi kusahau tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, Same, basi na Coaster vilipogongana vikawaka moto. Zaidi ya watu 35 walikufa, na wengi hawakutambulika hata kwa sura. Tangu siku ile akina mama wa milimani wakishuka kwenye lami wanalitazama basi kwa jicho jingine. Wanauliza. Wana haki.

Basi nikarudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kusoma na kuwauliza mafundi. Mimi ni nesi, si fundi, lakini kitu kimoja nimekielewa: hakuna kitu ndani ya basi kilichojiweka chenyewe. Mlango, kioo, upana wa njia, bolti ya siti, vyote kuna mtu alivipangia mahali pake. Na vingi viliwekwa baada ya watu kufa. Nifuateni taratibu.

SEHEMU YA 2: Seremala na lori

Mnaijua ile kauli ya wazee kwamba basi ni lori lililovalishwa nyumba? Si utani. Ndivyo lilivyozaliwa, kwetu na kwa wenzetu.

Mwaka 1924, katika kijiji cha Sainte-Claire, Quebec, Canada, kulikuwa na seremala aitwaye Eugène Prévost. Kazi yake ilikuwa makabati na mabenchi ya kanisa. Akachukua chasisi ya lori aina ya REO, akaijengea bodi ya mbao, akaweka siti. Hilo ndilo basi lake la kwanza. Leo Prevost ni jina kubwa la mabasi ya safari ndefu Amerika Kaskazini.

Huko Fort Valley, jimbo la Georgia, Marekani, Albert Luce alikuwa anauza magari ya Ford. Mteja mmoja alinunua kwake basi la bodi ya mbao la kubebea wafanyakazi. Barabara zilikuwa mbovu, na bodi ikaachia kabla mteja hajamaliza kulipa deni! Mwaka 1927 Luce akatengeneza bodi yake mwenyewe, akiimarisha kwa chuma. Ndiyo asili ya Blue Bird, kampuni kubwa ya mabasi ya shule. Fikiria, mwanzo wake ni mteja mwenye hasira.

Sasa mwaka 1936 likatokea jambo ambalo wewe unayekwenda Dar unalitumia hadi leo. Kampuni ya Yellow Coach iliwatengenezea Greyhound basi ambalo halikuwa tena lori lenye nyumba juu. Injini ikapelekwa nyuma. Abiria wakainuliwa juu. Mizigo ikaingizwa tumboni, chini ya sakafu. Kabla ya hapo mizigo ilikaa kwenye keria, juu ya vichwa vya watu.

Kwa nini nakwambia habari za keria? Mbebe mtoto mgongoni upite njia ya utelezi, halafu weka ndoo ya maji kichwani. Unayumba zaidi, si ndiyo? Basi nalo hivyo hivyo. Uzito ukiwa juu linapinduka kirahisi, ukiwa chini linatulia kwenye kona. Ukiona buti zile za pembeni pale stendi, konda anasukumia magunia ya vitunguu, ujue wazo hilo lina karibu miaka 90.

SEHEMU YA 3: Kwetu: kumbakumba, chai maharage na vifodi

Turudi nyumbani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita Same. Babu zetu walishuka mlima kwa miguu wakapanda treni. Lori lilipokuja likawa kila kitu: kahawa ikishuka, bidhaa zikipanda, na watu wakikaa juu ya magunia.

Mabasi ya mjini kwa Dar yaliendeshwa na kampuni ya DMT tangu miaka ya 1940. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na Dar, KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ikachukua safari za mikoani. Waliokuwa watu wazima enzi hizo watakusimulia Ikarus kutoka Hungary, yale marefu yenye maungio katikati kama tumbo la kinanda. Watu wa Dar waliyaita kumbakumba, maana yalizoa kituo kizima.

Hali ilipokuwa ngumu, vipuri hakuna na mafuta ya foleni, mabasi yalikufa moja baada ya jingine. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala, na jina la daladala likazaliwa. Zikaja na chai maharage: pikapu zenye mabenchi ubavuni, abiria wanatazamana, turubai juu. Siti haina mgongo, mkanda hakuna, na mlango ni pale nyuma ulipoachwa wazi. Kenya nao walikuwa na matatu za namna hiyo. Watu walizipanda kwa sababu hapakuwa na kingine, na tusiwacheke. Mjamzito mwenye uchungu hachagui usafiri.

Baadaye zikaingia Hiace na Coaster zilizotumika Japani. Huku Kilimanjaro na Arusha tukaziita vifodi na vipanya. Zilitufaa haraka kwa sababu Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi, mlango uko upande sahihi.

Ila kumbukeni siti moja ya Coaster, ile ya kukunja katikati ya njia. Unaijua. Konda anaishusha "paaa!" baada ya watu wa nyuma kukaa, na abiria wa mwisho anakalia njia yenyewe. Nitairudia huko mbele.

SEHEMU YA 4: Mbavu za basi

Mabasi mengi ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi hayakuja kwa meli yakiwa mazima. Ilikuja chasisi: injini, magurudumu, usukani na kiti cha dereva, basi. Ukikutana nayo barabarani unacheka, dereva kakaa peupe na miwani, upepo unampiga. Anaipeleka kwa mafundi bodi.

Kazi hiyo ilishika mizizi Nairobi mikononi mwa mafundi wa Kisikh, wale ambao wazee wetu waliwaita makalasinga. Wengi wao walikuwa wa ukoo wa maseremala na wahunzi, na baba zao waliletwa kujenga reli ya Uganda iliyoanza 1896. Karakana kama Labh Singh Harnam Singh na Banbros zimejenga mabasi ambayo bila shaka umewahi kuyapanda au kupishana nayo. Mwanafunzi Mkikuyu, Mluo au Mkamba alianza kwa kushika nyundo, leo ana karakana yake.

Sikilizeni wanavyofanya, mtaelewa kwa sababu mmejifungua. Chasisi ni uti wa mgongo. Fundi anachomelea skwea paipu kutoka sakafuni hadi darini, hizo ndizo mbavu. Anafunika na bati, hiyo ni ngozi. Mbele na nyuma anaweka faiba, huo ni urembo. Ndani anapanga siti na kuzifunga sakafuni.

Wewe abiria unaona ngozi na urembo. Rangi, taa za buluu, maandishi. Kinachomlinda mtoto ni mbavu na bolti. Mbavu zikiwa nyembamba au zimechomelewa juujuu, basi likipinduka paa linalala juu ya watu. Siti ikifungwa kwenye plaiwudi peke yake bila kushika chuma, ikipigwa inang'oka na mtu wake, inampiga wa mbele.

Tarehe 10 Oktoba 2018 basi la abiria lilianguka Fort Ternan, Kericho, Kenya. Watu zaidi ya 50 walikufa, wakiwemo watoto. Paa lilikuwa limeng'oka. Kenya ina kiwango chake cha bodi za magari ya abiria, KS 372, na baada ya ajali ile watu waliuliza kwa sauti kinafuatwa namna gani. Umoja wa Mataifa nao una Kanuni namba 66, inayotumika tangu miaka ya 1980. Kwa lugha yangu ya kliniki inasema hivi: basi likilala ubavu, mbavu zisiingie ndani ya nafasi aliyokaa binadamu. Nyingine zote ni hesabu za mafundi.

Siku hizi mabasi mengi ya Dar–Arusha yanakuja mazima kutoka China: Yutong, Higer, Zhongtong. Mengine ni Scania yenye bodi ya Marcopolo, kampuni ya Brazili iliyoanza mwaka 1949 ikiunda bodi, nayo kwa mikono. Mazima haina maana kwamba tumemaliza. Mabasi haya yana AC, kwa hiyo kioo hakifunguki. Umekaa ndani ya chupa iliyozibwa. Ndiyo maana wanaweka nyundo nyekundu ndogo dirishani. Bila nyundo, kioo kile ni ukuta.

SEHEMU YA 5: Akina mama wa Kentucky

Hii nimeiandika mara tatu nikafuta. Wenye moyo mwepesi someni mchana.

Tarehe 14 Mei 1988 kundi la kanisa, wengi wao watoto na vijana, lilikuwa linarudi kutoka kutembea, karibu na Carrollton, jimbo la Kentucky, Marekani. Walipanda basi lililokuwa zamani la shule, ndani wakiwa watu 67. Mlevi mmoja aliyekuwa anaendesha pikapu upande usio wake akawagonga uso kwa uso. Mgongano ule haukumuua yeyote ndani ya basi. Lakini tanki la petroli lilikaa karibu na mlango wa mbele. Likatoboka, moto ukawaka, mlango wa mbele haukufunguka. Ukabaki mlango mmoja tu wa dharura, nyuma. Watu zaidi ya sitini, njia nyembamba kama sentimita 30, na katikati ya njia kulikuwa na boksi la vinywaji. Walikufa watu 27. Watoto walikuwa 24.

Sheria ya kulikinga tanki ilikwishapitishwa. Ilianza kazi tarehe 1 Aprili 1977. Chasisi ya basi lile ilitengenezwa siku chache tu kabla.

Familia mbili zilikataa kupokea fidia na kukaa kimya. Zikaenda mahakamani kuwauliza waliotengeneza: tanki liliwekwaje pale? Mmoja wa akina mama hao, Karolyn Nunnallee, alimpoteza binti yake Patty, wa miaka 10, mdogo kuliko wote waliokufa. Baadaye akawa rais wa chama cha kitaifa cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani. Hakuwa fundi. Alikuwa mama aliyeuliza swali.

Kentucky ilibadilika. Basi la shule kule linatakiwa kuwa na njia tisa za kutokea, tanki lililozungushiwa chuma, na siti zisizoshika moto haraka.

Sasa rudi kwenye ile siti ya kukunja. Rudi kwenye ndoo, gunia la mahindi na kuku kwenye njia. Rudi kwenye Coaster yenye mlango wa dharura nyuma uliozibwa na siti ya watu watano. Nikiangalia Kentucky ya 1988 naona Coaster ya kwetu kabisa.

SEHEMU YA 6: Kwa nini basi la shule ni la njano

Hii fupi, ya kuwasimulia watoto.

Aprili 1939, Profesa Frank Cyr aliita mkutano Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kila jimbo lilikuwa na mabasi yake ya shule, mengine hata mikokoteni ya farasi. Walitoka na viwango 44: urefu wa bodi, kimo cha dari, upana wa njia. Na rangi moja ya njano, kwa sababu maandishi meusi juu yake yanasomeka vizuri alfajiri na jioni, saa ambazo mtoto anavuka barabara.

Rangi hiyo imefika mpaka kwetu, mabasi mengi ya shule ni ya njano. Lakini mkutano ule ulikubaliana mambo 44, na rangi ilikuwa mojawapo tu. Tarehe 6 Mei 2017, Karatu, tulipoteza wanafunzi 32, walimu wawili na dereva katika gari moja. Mzazi mwenzangu, siku ya kikao cha shule usiulize ada peke yake. Uliza gari lina siti ngapi na linabeba watoto wangapi. Hesabu mwenyewe asubuhi wakipanda.

SEHEMU YA 7: Jibu langu

Alhamisi nilimpigia yule mama. Nikamwambia hivi, na ninyi chukueni:

Kaa katikati ya basi, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Usikae mbele kabisa kwenye kioo na usikae kiti cha nyuma kabisa.

Ukikaa tu, kabla hujatoa chuchu, tafuta njia mbili za kutokea, siyo moja. Hesabu siti mpaka dirisha la dharura au mlango, kwa sababu moshi ukijaa utahesabu kwa mkono.

Tafuta nyundo kwa macho. Kioo kinapigwa pembeni karibu na kona, katikati hakivunjiki kirahisi.

Funga mkanda wewe peke yako. Usiuzungushe mkanda mmoja wewe na mtoto, maana gari likikita uzito wako wote utamkandamiza yeye. Mtoto mfunge kifuani kwa kitenge imara, juu ya mkanda wako. Aliyekua anayeweza kukaa mwenyewe, mkatie siti yake ukiweza. Najua ni hela. Nasema ukiweza.

Begi la nepi liwe miguuni mwako, njia ibaki wazi. Moto ukitokea, acha begi, inama chini, toka.

Ijumaa saa mbili asubuhi simu ikaita, yuko stendi ya Same. "Nesi, nimekaa katikati kama ulivyosema. Ila nyundo hakuna, kuna kishikio kitupu."

"Muulize konda."

Nikamsikia anauliza. Konda akajibu, "Mama, we kaa tu, safari njema." Nikasikia kimya kidogo. Halafu bibi mmoja, sauti ya Kipare kabisa, akasema, "Mwanangu, mama mwenye mtoto amekuuliza nyundo. Iko wapi?" Mwingine akadakia. Mwingine tena. Kumbe nyundo zilikuwepo, zimefungiwa kwenye boksi la dereva kwa sababu abiria huwa wanaziiba. Na hilo nalo tulikubali, jamani, tunaziiba! Zikatolewa nne, zikapachikwa mahali pake, basi likaondoka.

Walifika Dar salama, kama mabasi mengi yanavyofika kila siku. Sitawadanganya kwamba nyundo ndiyo iliyowafikisha. Lakini lile basi liliondoka Same likiwa na nyundo nne zaidi ya lilivyoingia, kwa sababu mama mmoja wa Ngujini aliuliza na bibi mmoja hakukubali ajibiwe hovyo.

Wiki ijayo narudi kwenye uji wa lishe, nawaahidi. Mwenye swali aliandike hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Na safari hii sitasema "kaa popote."